AJALI INA KINGA

Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, siku ya semina ya maendeleo parokiani



Tunajua wengine wenu mmeamka kabla ya jogoo, mmekamua ng'ombe kwanza, kisha mkashika barabara kuja hapa. Na ni juu ya hiyo barabara tunataka tuzungumze leo. Mara nyingi tukikutana tunaongea juu ya mbuzi wa maziwa, matangi ya maji na mikopo ya kuzungushana. Leo mtuvumilie kidogo. Kwa maana mama akigongwa akienda sokoni, yule mbuzi atakamuliwa na nani?

Kuna maneno tumeyazoea sana: "Ajali haina kinga." Tunayaona nyuma ya matatu, tunayasikia matangani. Mtu akigongwa tunachanga pesa za hospitali, na mara nyingine za jeneza. Tunaimba, tunazika, tunasema ni mapenzi ya Mungu. Halafu Jumatatu tunarudi kuuza nyanya pahali pale pale. Sisi wa kamati ya maendeleo tumesema maneno hayo pia, hatujitoi. Lakini leo tumekuja kuyapinga. Ajali ina kinga. Tena ajali nyingi zinaweza kujulikana kabla hazijatokea.

Mungu mwenyewe alitufundisha jambo hili zamani. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, mtu anayejenga nyumba mpya anaagizwa aweke ukuta mdogo pembeni mwa paa, ili mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Siku hizo watu walikuwa wakikaa darini, wakianika nafaka na kulala huko. Hebu angalieni vizuri. Mjenzi haambiwi angoje kwanza mtu aanguke. Wala haambiwi aulize kama aliyeanguka alikuwa mlevi au mzembe. Anaambiwa afikiri mbele, kwa sababu binadamu ni binadamu, siku moja atateleza. Basi barabara nayo ni nyumba ya wote. Ukuta wake uko wapi?

Ajali ina pahali pake

Kulingana na hesabu za NTSA, mwaka 2023 watu zaidi ya 4,300 walikufa katika ajali za barabarani hapa Kenya. Kundi kubwa kuliko yote halikuwa la madereva wala abiria. Lilikuwa la watu wanaotembea kwa miguu, kiasi cha mtu mmoja katika kila watatu. Hao ni sisi.

Wengi wenu mnakumbuka jioni ya Juni 30, 2023, pale njia panda ya Londiani. Lori lilishindwa kusimama, likatoka barabarani, likawaangukia wachuuzi, watu wa boda boda na waliokuwa wakingoja matatu. Zaidi ya watu 50 walikufa. Hawakuwa wamefanya kosa. Walikuwa wakitafuta riziki kama sisi tunavyotafuta.

Sasa fikirini juu ya ule mteremko mrefu wa Sachangwan na Salgaa. Kwa miaka mingi malori yalikuwa yakishuka pale breki zikipata moto hadi zinakataa kushika, na madereva wengine wakitoa gia ili kuokoa mafuta. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, karibu na Migaa, basi na lori viligongana, watu 36 wakafa. Wengine walisema pahali pale pana pepo. Lakini baadaye barabara ilipanuliwa, na ukuta wa zege ukawekwa katikati ili magari yanayopanda na yanayoshuka yasikutane uso kwa uso. Tazameni jambo hili: madereva walikuwa tofauti kila siku, bali mteremko ulikuwa ule ule. Ajali zikirudia pahali pamoja, msiulize tu ni nani alikosea. Ulizeni pia pahali hapo pana nini.

Watafiti wamepata nini

Chukua kijiti uchore msalaba mchangani, njia mbili zikikatana. Chora kila upande gari linaweza kuingia na kutokea. Ukihesabu vizuri utapata sehemu 32 ambapo gari moja linaweza kukutana na jingine. Njia panda ya pande tatu ina 9. Na raundabauti ya njia nne yenye laini moja ina 8 tu, tena magari huingia pole pole kwa sababu lazima yazunguke. Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2000 ulichunguza njia panda zilizogeuzwa kuwa raundabauti. Ajali za kuumiza watu zilipungua kwa karibu robo tatu. Madereva hawakuhubiriwa wakaokoka. Ni njia iliyobadilishwa umbo.

La pili ni mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, dereva akishtuka na kufunga breki kwenye lami kavu, litasimama baada ya kama mita 28. Likienda kilomita 80 litahitaji kama mita 57, mara mbili. Mtafiti wa Uswidi, Göran Nilsson, alionyesha kwamba mwendo wa wastani barabarani ukiongezeka kwa asilimia moja tu, ajali za kuua huongezeka kwa kiasi cha asilimia nne. Kwa hivyo dereva akisema, "Nimeongeza kidogo tu," hicho kidogo kina gharama.

Msifikiri mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Kule Ghana, katika barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, njia panda ya Suhum ilikuwa ikimaliza watu. Wakaweka matuta madogo madogo ya kutikisa gari, yale yanayonguruma chini ya magurudumu na kumwamsha dereva. Watafiti walipohesabu, ajali zilikuwa zimepungua kwa karibu asilimia 35, na vifo kwa kiasi cha asilimia 55. Hayo hayakuwa daraja la mamilioni. Ni vituta tu, vikiwekwa pahali panapofaa.

Na hapa kwetu, watafiti James Habyarimana na William Jack waliweka stika ndani ya matatu za Kenya, zikiwaambia abiria wasinyamaze dereva akiendesha vibaya. Katika utafiti wao wa kwanza, uliotolewa mwaka 2011, madai ya bima ya matatu zilizokuwa na stika yalipungua kwa nusu hadi theluthi mbili. Baadaye walijaribu na magari zaidi ya 12,000, na madai yakapungua kwa robo hadi theluthi moja. Mama mmoja akisema, "Dereva, pole pole, tuna watoto nyumbani," hiyo ni kinga.

Na taa za barabarani?

Vijana wanaotoka mjini watatuuliza juu ya taa. Wengi tunadhani taa ya manjano ni ya kumwambia dereva akimbie. La. Mwaka 1960 watafiti watatu, Gazis, Herman na Maradudin, walionyesha kwa hesabu kwamba manjano ikiwa fupi mno, kuna sehemu ambapo dereva hawezi kusimama salama wala hawezi kupita salama. Amenaswa hata kama ni mtu mwema. Kwa hivyo muda wa manjano hupimwa kwa mwendo wa magari: kama sekunde tatu hivi pale magari yanapokwenda kilomita 50, na karibu sekunde tano pale yanapokwenda 80.

Vilevile muda wa kuvuka kwa miguu hupimwa. Mainjinia wengi hukadiria kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ya mita 12 basi inampa sekunde 10. Lakini nyanya yetu mwenye kikapu cha viazi mgongoni akienda mita 0.8 kwa sekunde, anahitaji sekunde 15. Zile tano zinazobaki atakuwa katikati ya barabara. Tena taa ikisema nenda na askari anasema simama, watu huacha kuiamini. Taa ni kama sheria ya chama: ikipuuzwa mara moja mbele ya wote, kesho hakuna atakayeifuata.

Kutabiri si uganga

Mnaweza kuuliza, kwani mtu anawezaje kutabiri ajali? Ni vile mnavyokadiria mahindi. Mkulima mwenye akili akiangalia ukubwa wa shamba, udongo, mbegu na mvua, anaweza kusema atapata magunia mangapi, ingawa hajui kila hindi litakuwa vipi. Watafiti hufanya hivyo hivyo. Wanaangalia magari ni mangapi kwa siku, barabara ina upana gani, kona zikoje, njia panda ni ngapi, watu wanavuka wapi. Wanalinganisha na barabara nyingine zinazofanana nayo. Kutokana na hayo wanakadiria ajali ngapi zitatokea kwa mwaka. Hawajui ni nani atagongwa. Wanajua pahali, na kwa kadiri gani. Mwaka 2010 Wamarekani walitoa kitabu kikubwa cha hesabu hizo kwa mainjinia wao.

Ezra Hauer, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Toronto kule Kanada, alionya juu ya kosa moja ambalo hata sisi tunalifanya. Tuseme mwaka huu njia panda fulani imepata ajali tatu kubwa, kumbe kawaida yake ni moja. Watu wanakasirika, kibao kinawekwa. Mwaka unaofuata inapata moja. Tunashangilia, tunasema kibao kimefanya kazi. Lakini huenda ingerudi kwenye moja hata bila kibao, kama vile baada ya mwaka wa kiangazi kikali mara nyingi hufuata mwaka wa kawaida. Kwa hivyo Hauer alifundisha tusiangalie mwaka mmoja peke yake. Tuchanganye yale yaliyotokea pale na yale yanayotokea kwenye barabara zinazofanana. Na tukumbuke upande wa pili: pahali ambapo hapajaua mtu mwaka huu si lazima pawe salama.

Lakini hesabu hizi zinahitaji kumbukumbu nzuri, na ajali nyingi za vijijini haziandikwi. Mtu anagongwa na boda boda, anapelekwa kwa mkandaji, mambo yanaishia hapo. Ndiyo maana kuna njia nyingine. Shirika liitwalo iRAP huzipa barabara nyota, kutoka moja hadi tano, kwa kuangalia barabara yenyewe: ina njia ya miguu? ina kivuko? pembeni kuna nini? Halingoji maiti. Na Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba kufikia mwaka 2030 barabara zote mpya ziwe na kiwango cha nyota tatu au zaidi kwa wote wanaozitumia, si wenye magari tu.

Daftari la chupuchupu

Njia ya tatu ndiyo inayotufaa sisi zaidi. Kule Uswidi, katika Chuo Kikuu cha Lund, Christer Hydén na wenzake walifundisha watu kukaa kwenye njia panda na kuhesabu mara ambazo ajali imekosekana kidogo tu. Gari limefunga breki ghafla, mtu ameruka pembeni, baiskeli imekwepa. Kipimo chao cha kwanza kilikuwa kama sekunde moja na nusu: kama kusingekuwa na kukwepa, wangegongana ndani ya muda huo. Wakaona kwamba pahali penye chupuchupu nyingi ndipo ajali hutokea. Chupuchupu na ajali ni ndugu wa mama mmoja.

Sisi tulijaribu katika njia panda ya soko letu. Tulikuwa tumepoteza mtoto wa shule pale, na ofisi moja tuliyoiendea ilitutuma kwa ofisi nyingine, na hiyo ikaturudisha kwa ile ya kwanza. Basi tukanunua daftari la shule. Siku ya soko, wawili wawili kwa zamu, tulikaa chini ya mti na kuandika: saa, ni nani, kutoka wapi kwenda wapi, nini kilitokea. Kabla ya saa sita mchana ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa.

Tulikuwa na hakika daftari litatuonyesha madereva walevi. Halikutuonyesha hivyo. Lilituonyesha mambo mawili. Kwanza, matatu zilikuwa zinasimama pale pale kwenye kivuko, na mtu aliyevuka mbele yake alikuwa haonekani na gari linalopita. La pili lilituuma. Vibanda vyetu wenyewe vilikuwa vimeziba kona. Tulipima kwa hatua kutoka kwenye kivuko hadi pale dereva anapoweza kukuona. Zilikuwa hatua 40, kama mita 30. Mtu wa kilomita 50 angesimama, bado kidogo tu. Mtu wa kilomita 80 hangeweza hata akitaka.

Hapo kikundi kiligawanyika. Akina mama wengine walisema, "Mteja yuko barabarani. Tukirudi nyuma tutakula nini?" Hilo si swali dogo, na hatukulijibu kwa Biblia. Tulikaa mikutano mitatu. Mzee mmoja alisema tungoje serikali. Mama anayeuza mboga pale konani, ambaye kibanda chake ndicho kilikuwa kinaziba zaidi, akasimama akasema yule mtoto alinunua ndizi kwake asubuhi ile. Hakusema zaidi. Wiki iliyofuata alikuwa wa kwanza kung'oa nguzo zake.

Tulisogeza vibanda vyote nyuma. Kwa fedha za kikundi tulitengeneza kijia cha changarawe ili wateja wafike bila kukanyaga matope. Mauzo yalishuka mwanzoni, hatutawadanganya, kisha watu wakatuzoea. Tuliongea na wenye matatu na watu wa boda boda, steji ikasogea mbele ya kivuko. Matuta bado hatujapata. Lakini safari hii tulipoenda ofisini hatukwenda na kilio peke yake, tulikwenda na daftari. Injinia alilisoma, akaja kupima mwenyewe. Tunamfuatilia kila mwezi.

Kikundi chenu kinaweza kuanzaje

1. Chagueni pahali pamoja tu: shule, soko, kisima au steji. Msianze na barabara nzima.

2. Wekeni daftari la chupuchupu. Hesabuni siku ya soko na siku ya kawaida, asubuhi na jioni, watoto wakienda na wakirudi. Kaeni mbali na lami.

3. Pimeni mwendo. Wekeni alama mbili zilizoachana mita 100, na mtumie saa ya simu. Gari likipita kwa sekunde 7 hivi linakwenda kilomita 50 kwa saa. Likipita kwa sekunde 4 na nusu, linakwenda 80.

4. Rekebisheni kwanza yaliyo mikononi mwenu: vichaka, vibanda, pahali pa kusimamisha magari, watoto kuvushwa na mtu mzima.

5. Jueni barabara ni ya nani. Barabara kuu za taifa ni za KeNHA, nyingi za vijijini ni za KeRRA, za mijini ni za KURA, na ndogo ndogo ni za kaunti. Pitieni kwa chifu na mwakilishi wa wadi, na muache nakala ya barua kila ofisi. Katiba ya 2010, kifungu cha 37, inawapa haki ya kupeleka maombi yenu.

6. Msijenge matuta yenu wenyewe kwa mawe na udongo usiku. Tuta lisilo na alama humwangusha mtu wa pikipiki, na damu yake itakuwa juu ya nani?

7. Baada ya kurekebisha, hesabuni tena, siku zile zile na saa zile zile. Ndivyo mtakavyojua kama mmesaidia ama mmejifurahisha tu.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba ajali zitakwisha. Paa lenye ukuta bado ni paa. Lakini mjenzi aliyeweka ukuta analala kwa amani, na aliyekataa kuuweka hawezi kusema hakujua. Sisi sasa tumejua. Mtu akituambia tena kwamba ajali haina kinga, tumwonyeshe daftari.

Mungu awabariki, na mfike nyumbani salama. Mkivuka hapo nje, tafadhali mvuke pamoja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

Ni pahali gani katika kijiji chetu ambapo watu huponea chupuchupu mara kwa mara? Pana nini?

Je, kuna kitu chetu wenyewe, kibanda, ua au steji, kinachoziba macho ya dereva? Ni nani atapoteza tukikiondoa, na tutamsaidiaje?

Mara ya mwisho tuliposafiri kwa matatu iliyokimbizwa, ni nani alisema neno? Wengine tulifanya nini?